Mrejesho: pua ya mdogo wangu baada ya saratani ya ngozi

Wakuu, niliwauliza kama kweli pua inaweza kujengwa upya kwa ngozi ya paji la uso. Mdogo wangu ana ualbino, na saratani ilishakula upande mmoja wa pua. Jibu ni ndiyo, ameshafanyiwa.

Kwanza waliondoa uvimbe, wakafunga kidonda na kusubiri majibu ya maabara. Daktari alikataa katakata kujenga chochote kabla ya kuhakikisha kingo zote hazina saratani. Namshukuru sana kwa msimamo ule.

Kisha wakachukua gegedu (ile sehemu ngumu kiasi inayopindika) kidogo sikioni ili tundu lisibonyee akivuta pumzi, na ngozi ya paji ikageuzwa chini kufunika palipokatwa. Ngozi hiyo haitenganishwi yote. Inaachwa imeshikilia karibu na nyusi, kwenye mshipa unaoilisha damu, mpaka ijipatie damu kutoka puani penyewe. Hapo ndipo pagumu, jamani! Kwa wiki tatu hivi unabaki na kipande cha nyama kama daraja kati ya macho, kinavuja damu kidogo, miwani haivaliki, watu wanakodoa macho. Mgonjwa aelezwe mapema, tena aonyeshwe picha. Upasuaji wa pili ndio uliokata daraja hilo.

Sasa anapumua vizuri. Pua bado nene kidogo, watampunguzia baadaye. Hatoki bila kofia pana na losheni ya kukinga jua ya Kilisun, ile iliyoanzia hospitali ya KCMC, Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino.