Kunyoosha mwendo wa rodi za pampu ya kisima cha mafuta: kichwa cha farasi, mikono ya Watt, Peaucellier au reli?

KarakanaDsm

Wakuu, salaam. Karakana yetu chuoni inajenga pampu ya kufundishia, ya mtindo wa zile boriti zinazoinama na kuinuka kwenye visima vya mafuta. Bomba la kisima chetu ni la mita 6 tu, limeshushwa kwenye shimo nyuma ya jengo, na tutavuta maji badala ya mafuta. Kutoka kwenye mhimili hadi ncha ya mbele boriti ina sentimita 90. Mwendo wa pistoni tunautaka uwe sentimita 60.

Shida yenyewe mnaijua. Ncha ya boriti haipandi wima, inakwenda kwa tao. Kwa vipimo vyetu, kati ya katikati ya mwendo na mwisho wake ncha inahama kwa upande sentimita 5 hivi. Rodi ya juu, inayoshuka hadi kwenye pistoni, inapita kwenye glandi yenye pakingi (kizibo cha mdomo wa kisima kinachobana rodi maji yasivuje), na glandi haiwezi kuvumilia kitu kama hicho.

Mezani kuna kichwa cha farasi chenye waya, mikono ya Watt na kifaa cha Peaucellier (vyote viwili ni mikono ya pini inayogeuza tao kuwa mstari), na kitelezi kwenye reli mbili. Naomba maoni, hasa ya waliowahi kuvishika vitu hivi kwa mikono yao.

Fundi_Maskati

Kaka, nimefanya kazi miaka mingi kwenye visima vya kusini mwa Omani, mafuta mazito, boriti nyingi. Jibu langu ni kichwa cha farasi, na nitaeleza sababu.

Kile kichwa si pambo. Uso wake wa mbele ni kipande cha duara ambalo kitovu chake ni mhimili wa boriti. Waya unalala juu ya uso huo na kuning'inia. Boriti ikipanda au ikishuka, waya unaachana na tao kwa umbali uleule kutoka mhimilini, kwa hiyo unashuka wima kwenye mstari mmoja muda wote. Chini ya waya kuna kipande cha chuma, kibebeo, kinachobeba rodi laini ya juu kwa kibano. Basi. Hakuna pini inayolika, hakuna reli ya kujaa mchanga.

Halafu kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosea: ile krenki (mkono unaozungushwa na mota) na mikono miwili ya nyuma haihusiki na unyoofu wa rodi. Hiyo inaamua kasi, nguvu na mzigo kwenye giaboksi. Ndiyo maana kuna mashine zenye mhimili katikati ya boriti na nyingine zenye mhimili mwishoni kabisa kwa nyuma, na zote mbili zina kichwa kilekile mbele.

Kwa mashine ya kweli hesabu inatisha zaidi. Chukua mkono wa mita 3 na mwendo wa mita 2.2: bila kichwa, ncha ingehama kwa upande karibu sentimita 21. Rodi ya juu yenyewe ina unene wa sentimita 3 na ushei.

Hesabu_na_Chuma

Naheshimu uzoefu wa mkuu hapo juu, lakini tusiitupe mikono ya Watt haraka hivyo. Tuiweke mahali pake kwanza.

Mashine ya mvuke ya Newcomen ya 1712 ilivuta maji migodini kwa boriti yenye vichwa vya tao na minyororo, yaani kichwa cha farasi kilikuwepo karne na nusu kabla ya kisima cha mafuta cha Drake kule Titusville, Pennsylvania, 1859. Mnyororo ulitosha kwa sababu mvuke haukusukuma, kila upande ulivutwa tu. James Watt alipotengeneza mashine ya mvuke inayofanya kazi kupanda na kushuka, mnyororo haukufaa tena, maana huwezi kusukuma kwa mnyororo. Hapo ndipo akabuni mikono yake, akaiwekea hataza 1784. Mikono miwili, kiungio kifupi katikati, na nukta moja ya kiungio hicho inachora umbo kama la nane ambalo sehemu yake moja inakaribia kabisa kuwa mstari. Inakaribia, haifiki.

Peaucellier, ofisa wa jeshi la Ufaransa, ndiye aliyefika, 1864. Mwanahisabati Lipkin akaligundua jambo lilelile peke yake miaka michache baadaye. Vipande 7 vinavyocheza, pini tu bila kitelezi hata kimoja, na mstari ni mnyoofu kweli kwa hesabu. Ni kati ya vitu vizuri kuliko vyote nilivyowahi kufundisha. Ukiwaonyesha wanafunzi duara likigeuka mstari mbele ya macho yao, darasa zima linanyamaza.

Kwa rodi yako, hata hivyo, sikushauri ukiweke. Kila pini ina uwazi wake mdogo, na uwazi huo unajumlishwa kutoka pini hadi pini. Kwenye karatasi ni mnyoofu. Baada ya mwezi wa kazi ukiwa na mchanga na maji, mfumo wa Watt wenye viungo vichache utakipita kwa unyoofu.

DadaWelda

Naunga mkono kichwa cha farasi, kwa sababu ambayo hamjaitaja: nafasi juu ya kisima.

Mikono ya Watt ya kawaida inataka nguzo ya pili upande wa pili wa rodi. Sasa siku ya kutoa rodi na pistoni utapita wapi? Kweli Watt aliongeza msambamba (mikono minne yenye pande sambamba) ili vitu vyote vikae upande mmoja chini ya boriti, lakini vipande vinaongezeka tena. Reli ndiyo mbaya zaidi, maana zinasimama juu ya glandi kabisa na kukuzuia hata kubadilisha pakingi. Kichwa cha farasi unakifungua au unakigeuza pembeni, na mdomo wa kisima uko wazi.

KarakanaDsm, ukikubali njia hii, usikate tao kwa kukadiria. Funga boriti kwanza kwenye mhimili wake, halafu chukua ubapa mwembamba, uutoboe tundu la kukaa kwenye pini ya mhimili, na kwenye ncha nyingine uweke chaki ya chuma. Chora tao pale pale mahali pake. Kumbuka katikati ya waya ndiyo inayobeba, si uso wa bati: kama waya ni wa milimita 10, tao liwe na nusukipenyo cha milimita 895 ili rodi ikae kwenye 900. Urefu wa tao uzidi mwendo, wacha kama sentimita 10 juu na 10 chini.

Waya uwe mmoja, uzungushe juu ya kichwa, ncha zake mbili zishuke hadi kwenye kibebeo. Ukitumia nyaya mbili tofauti zitalingana siku ya kwanza tu.

BombaSingida

Hodi hodi. Mimi si mtu wa mafuta, natengeneza pampu za mkono za visima vya vijiji, Singida na Dodoma. Lakini nimesoma vipimo vya mwenye mada na kuna kitu kimenistua: mita 6.

Pampu ya India Mark II, na ile U2 ya Uganda ambayo ni ndugu yake, ina jambo hilihili mnaloliita kichwa cha farasi. Nyuma ya mkono, ndani ya kichwa cha pampu, kuna kipande cha robo duara, na mnyororo wa aina ya ule wa pikipiki unalala juu yake. Rodi inashuka wima kupitia bushi. Kwenye kisima cha mita 40 inafanya kazi safi, kwa sababu uzito wa rodi unavuta pistoni chini.

Kisima kikiwa kifupi, rodi ni nyepesi. Mpira wa pistoni unabana kwenye silinda, rodi inachelewa kushuka, mnyororo unalegea na kukunjika. Mama akivuta tena, mnyororo unakazana ghafla. Unasikia "ta!" kila mara, na haichukui muda bolti ya mnyororo inalegea au rodi inakatika kwenye nyuzi za skrubu. Ndiyo maana kwa visima vifupi watu huweka kiungo kigumu badala ya mnyororo.

Afridev inakwenda njia nyingine kabisa. Haina mnyororo wala robo duara. Rodi imening'inizwa kwenye pini yenye bushi za plastiki, na kule kuyumba kidogo kunamezwa na rodi yenyewe. Mwendo wake ni milimita 225, kwa hiyo inawezekana. Kwa sentimita 60 msijaribu.

Kwa hiyo swali langu kwa mwenye mada: rodi zenu zina uzito gani?

KarakanaDsm

Mkuu BombaSingida, umenigusa pabaya. Rodi ni chuma cha milimita 16, mita 6, yaani kilo 9 na nusu hivi. Pistoni ina vikombe viwili vya ngozi na vinabana.

Je, hii hairudishi hoja kwa Watt? Kiungo kigumu kingeisukuma rodi chini.

Fundi_Maskati

Hapana, na hapa naomba unisikilize vizuri, maana hilo ndilo kosa linalovunja rodi.

Shida ya BombaSingida tunaijua hata kwenye visima virefu. Rodi ya robo tatu inchi ina uzito wa takriban kilo 2.4 kwa mita, mita 1000 ni zaidi ya tani 2, na bado kwenye mafuta mazito inaweza kuelea. Mafuta ni mazito kiasi kwamba rodi zinashuka polepole kuliko boriti. Kibebeo kinaachana na kibano cha rodi, unaona mwanga kati yake, halafu boriti ikianza kupanda vinagongana. Ukisimama karibu unausikia mgongano huo kwenye nguzo nzima.

Mtu wa kwanza kuona hivyo husema: tuweke kitu kigumu kisukume. Lakini rodi ni nyembamba na ndefu. Ukiisukuma kutoka juu inapinda ndani ya bomba, inakwaruza ukuta, inalika upande mmoja, na mwisho inakatika au bomba linatoboka. Rodi ya pampu imetengenezwa ivutwe. Hata yako ya mita 6 na unene wa milimita 16 itapinda kabla vikombe vya ngozi havijasogea.

Tiba ni kupunguza mizunguko, na kuweka uzito chini, juu tu ya pistoni. Tunaweka vyuma vinene pale ili chini kuvute na rodi zote zilizo juu zibaki zimekazwa. Ukifanya hivyo waya haulegei, na kichwa cha farasi kinabaki kuwa jibu.

BombaSingida

Hapo nakubaliana na ami wa Maskati. Kiungo kigumu kwenye pampu ya mkono kinavumilika kwa sababu mwendo ni milimita 125 na anayesukuma ni mkono wa mtu. Mota haina huruma.

Ontario_Pwani

Naongeza kidogo kutoka huku Kanada. Oil Springs, Ontario, bado kuna visima vinavyovutwa kwa mfumo alioubuni John Henry Fairbank 1863: injini moja, kisha mistari mirefu ya mbao iliyoning'inizwa kwenye nguzo, inakwenda mbele na nyuma kupita mashambani na kuvuta visima vingi kwa pamoja. Kwenye kila kisima mvuto wa ulalo unageuzwa kuwa wa wima. Nguvu zote zinakwenda kwa kuvuta tu, kurudi ni kazi ya uzito. Zaidi ya miaka 160 na kanuni ni ileile mnayoizungumza.

Na kama mwendo mrefu ndio unaotafutwa, siku hizi kuna mashine za mnara zenye mkanda mpana unaopita juu ya ngoma, mwendo wa zaidi ya mita 7. Ngoma hiyo ni kichwa cha farasi kilichokamilishwa kuwa duara zima. Kuna pia za silinda ya haidroliki inayokaa moja kwa moja juu ya mdomo wa kisima: kisima kikiwa kimeinama kidogo, silinda inainama nacho, na hilo ni faida kubwa. Kwa karakana ya chuo, sili za haidroliki zitawasumbua.

DadaWelda

Jambo moja kabla hamjafunga mada. Tao likiwa sahihi bado boriti inaweza kukaa vibaya. Toa pakingi yote, acha glandi wazi, halafu tazama rodi boriti ikiwa juu kabisa, katikati, na chini kabisa. Uwazi kuizunguka rodi uwe sawa pande zote katika nafasi zote tatu. Ikienda mbele au nyuma kwa kiasi kilekile mara zote, sogeza boriti kwenye bolti za mhimili. Ikienda kushoto au kulia, geuza kichwa kwa bolti zake za pembeni. Ikihama tofauti juu na chini, tao limekatwa vibaya au kitovu chake si mhimili, na hapo hakuna bolti ya kukuokoa.

Tumieni timazi, si macho. Na kibebeo kipimwe kwa pimamaji: kikilala upande, kibano kinabeba kwa ukingo mmoja na rodi inapinda hapo hapo chini ya kibano.

KarakanaDsm

Nimeshawishika, dada na wakuu wangu. Tunakata kichwa cha farasi, waya mmoja, na vyuma vizito juu ya pistoni. Kifaa cha Peaucellier tutakijenga kwa mbao kikae ukutani kwa ajili ya somo.

Limebaki swali moja: uzito wa chini niweke kilo ngapi? Tunataka mizunguko 10 kwa dakika.

Fundi_Maskati

Usihesabu kilo, pima kushuka. Kwa mwendo wa sentimita 60 na mizunguko 10, boriti inapopita katikati inakwenda karibu sentimita 31 kwa sekunde, na hiyo ndiyo kasi yake kubwa. Kwa hiyo jaza bomba maji, fungua waya, inua pistoni kwa mkono sentimita 60, achia. Ikishuka yenyewe yote chini ya sekunde 2, waya hautalegea. Ikizidi, ongeza chuma, na usisahau kwamba ndani ya maji kila kipande kinapoteza karibu moja ya nane ya uzito wake. Fanyeni jaribio hilo tena vikombe vikishalowana usiku mzima, maana ngozi ikivimba inabana zaidi kuliko ilivyokuwa kavu.