Kupimwa korona kabla ya kupanda meli Galveston (mama anatoka Mombasa)

Kutoka: Dada wa Houston
Jumatano, 16 Februari 2022

Assalaam aleikum wanajumuiya,

Mamangu anakuja kututembelea kutoka Mombasa, inshallah atafika Houston tarehe 24 mwezi huu. Mume wangu alishalipia safari ya meli ya usiku saba, inatoka Galveston Jumapili tarehe 6 Machi kwenda Cozumel na Roatán. Tutakuwa wanne: sisi wawili tuna chanjo na nyongeza, mama ana AstraZeneca zote mbili, na mtoto wa miaka minne hana kitu kwa sababu hapa Marekani umri wake bado haujaruhusiwa.

Kampuni ya meli imetuletea barua ndefu, na kila nikiirudia inanizalia swali jipya. Wanataka kipimo cha "siku mbili". Ni saa 48 au namna gani? Vile vipimo vinne vya bure tulivyoletewa na posta vitafaa? Jirani mmoja anasema vinafaa, mwingine anasema tusithubutu. Na mume wangu aliugua katikati ya Januari. Alijipima nyumbani, mistari ikatoka miwili, akajifungia chumbani hadi akapona. Je, akipimwa sasa hatatoka tena na korona?

Aliyepitia haya anisaidie. Pesa ya meli si ndogo, na mama ameshawaaga majirani mtaa mzima.

Wasalaam.

---

Kutoka: Nesi wa Baltimore
Alhamisi, 17 Februari 2022

Waaleikum salaam dada, na mama tunamkaribisha.

Kazi yangu ndiyo hii ya kupima, na tangu Krismasi wasafiri wa meli wamekuwa wakija dirishani kwangu kila wiki. Wengi wa wanaorudishwa bandarini hawaumwi chochote. Karatasi ndizo zinazowaangusha. Kwa hiyo hangaikia karatasi kuliko pua.

Siku mbili hizo ni za kalenda, hazihesabiwi kwa saa, na siku ya kuondoka haimo. Meli ikitoka Jumapili, mnapimwa Ijumaa tarehe 4 au Jumamosi tarehe 5, saa yoyote. Ukipimwa Alhamisi usiku, hata dakika tano kabla ya siku kugeuka, umetoka nje ya hesabu. Mimi ningechukua Ijumaa asubuhi. Jibu likichelewa, au wakikosea jina, bado mna Jumamosi ya kurekebisha. Anayeiachia Jumamosi jioni hana pa kukimbilia, vituo vingi vimeshafunga.

Vipimo vya posta viacheni kabatini. Hivyo vya serikali, na vile vinane kwa mwezi ambavyo bima imeanza kulipia Januari, ni vya kujijua hali nyumbani. Hakuna mtu aliyekuona ukijipima na hakuna cheti chenye jina lako. Kipimo cha nyumbani ambacho kampuni nyingi za meli hukikubali ni kinachosimamiwa kwa video, kama kile cha BinaxNOW kinachopitia eMed, kampuni ya kusimamia vipimo mtandaoni. Na hapo pia uwe macho: BinaxNOW unayoiona kwenye rafu ya famasi kwa kawaida ni ya kujipima mwenyewe, sanduku linafanana lakini cheti halitoi. Ile ya eMed watu huiagiza mtandaoni. Usilifungue sanduku mpaka msimamizi atokee kwenye skrini, ukitangulia kulifungua limeharibika. Shika pasipoti mkononi, chaji simu, na hakikisha intaneti haikatiki katikati.

Kwa mama, lakini, ningeacha habari ya video. Msimamizi anazungumza Kiingereza cha haraka, anataka uone kamera huku ukigeuza kijiti puani, na mzee aliyefika juzi kutoka Mombasa atahangaika bure. Mpeleke famasi au kituo cha kupima, kipimo cha haraka cha antijeni (kinachotafuta protini za virusi na kujibu papo hapo), ukae naye. Wakati wa kuweka miadi fomu itakuletea visanduku viwili vya jina. Hapo ndipo wazee wetu wanapopotelea. Pasipoti ina majina matatu, cheti cha chanjo kina mawili, tikiti ya meli mume wako aliandika moja na la ukoo. Fungua pasipoti, nakili jina la ukoo kama lilivyo na majina mengine yote kwa mpangilio uleule, kisha linganisha na tikiti. Kama tikiti ndiyo iliyokosea, pigia kampuni leo. Usingoje wiki ya safari.

Tarehe nazo zitazameni. Kenya mnaanza na siku, huku wanaanza na mwezi. Aliyechanjwa 11/06/2021 na kurudia 03/09/2021 hana kosa lolote, ni tarehe 11 Juni na wiki kumi na mbili baadaye. Mkaguzi wa Galveston ataisoma Novemba 6 na Machi 9, yaani dozi ya pili imetangulia ya kwanza! Mwambie mama achapishe cheti cha Wizara ya Afya chenye alama ya kuskani, asije na kile kikadi cha kuandikwa kwa kalamu peke yake. Na wewe uwe tayari kueleza kwa utulivu.

Mumeo sasa. PCR, kile kipimo cha maabara kinachotafuta chembe za urithi za virusi, inaweza kuendelea kuokota masalia ya virusi kwa wiki nyingi baada ya mtu kupona, hadi siku 90 hivi. Asipimwe PCR kabisa, apimwe antijeni, na kwa mtu aliyeugua katikati ya Januari kuna kila sababu ya kutegemea itatoka safi. Ipo njia nyingine, ya cheti cha kupona: jibu la zamani la kuonyesha aliugua, lenye zaidi ya siku 10 na lisilozidi 90, pamoja na barua ya daktari. Ila jibu hilo liwe la maabara au la kituo. Mistari miwili ya nyumbani haihesabiki. Watu waliougua Januari karibu wote wako hivyo, walijipima jikoni na hawana karatasi.

Mtoto nitamrudia, ana habari yake.

Kabla ya yote hayo, mama ana kipimo cha ndege. Tangu 6 Desemba anayekuja Marekani kwa ndege anapimwa siku moja kabla ya kuondoka, awe amechanjwa au la, na antijeni inakubaliwa. Kama tikiti yake ni moja kutoka Mombasa hadi Houston, na hakai kituo chochote zaidi ya saa 24, hesabu inaanzia siku ya ndege ya kwanza. Kama Mombasa–Nairobi mmeikatia tikiti ya peke yake, hesabu inaanzia Nairobi. Kipimo cha ndege hakitafaa kwa meli, tarehe zitakuwa zimepita.

---

Kutoka: Kijana wa Minneapolis
Alhamisi, 17 Februari 2022

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza bila kumkosea mtu adabu. Desemba meli zilijaa watu waliochanjwa na kupimwa, na korona ikaingia vilevile, hata CDC, idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, tarehe 30 wakatoa tangazo kwamba watu waepuke meli, wenye chanjo na wasio nayo. Juzi tu tarehe 15 ndiyo wameishusha hatari kutoka daraja la nne hadi la tatu. Sasa kipimo hiki kinamlinda nani? Mimi naona maabara zinavuna tu. Dada, kama pesa inarudishwa, mpeleke mama San Antonio kwa gari mkale nyama.

---

Kutoka: Mzee wa Leicester
Ijumaa, 18 Februari 2022

Marahaba kijana. Nyama ya San Antonio siikatai.

Lakini ukumbuke tulikotoka. Februari 2020 meli ya Diamond Princess ilizuiwa Yokohama ikiwa na watu 3,711, na zaidi ya 700 kati yao wakaambukizwa. Wakati ule hapakuwa na chanjo, na mlangoni hakupimwa mtu. Antijeni ni chujio, majani mengine yatapita, hasa kwa aliyeambukizwa jana ambaye bado hajawa na virusi vya kutosha kuonekana. Hata hivyo kuwazuia kumi mlangoni kati ya watu elfu tatu wanaokula ukumbi mmoja si jambo dogo. Mimi nina sukari na presha, nisingepanda meli isiyopima. Kwamba wapo wanaotoza bei za ajabu, hapo nakuunga mkono.

Kwa walioko Uingereza wanaosoma uzi huu: kwetu mambo yalikuwa tofauti kidogo. Msimu wa 2021, meli ziliporudi kutoka Southampton mwezi Mei, nyingi zilipima abiria palepale gatini. Vipimo vya bure vya NHS, huduma ya afya ya serikali yetu, havitumiki kwa safari, huku pia ni vilevile. Kupimwa gatini kuna uzuri wake, huhangaiki na tarehe wala cheti. Ubaya ni huu: ukitoka na korona unatakiwa uende nyumbani bila kupanda treni wala basi. Sisi wa Leicester tuliokwenda kwa basi la kukodi tulilazimika kumweka kijana mmoja na gari lake karibu na bandari, akae tayari. Watu walicheka. Bora wacheke.

Dada, mimi nina swali moja kwako: viza ya mama ni ya kuingia mara nyingi? Meli inatoka nje ya Marekani na kurudi. Tazama kwenye viza, pale penye idadi ya kuingia pawe na herufi M. Pakiwa na 1, usimpandishe meli kabla hujazungumza na mwanasheria.

---

Kutoka: Dada wa Houston
Ijumaa, 18 Februari 2022

Shikamoo mzee, ahsante sana. Ni M, nimemfanya kakangu aipige picha na kunitumia. Jina la tikiti kweli lilikuwa na upungufu, mume wangu alikuwa na haraka, tumeshawapigia wakarekebisha. Cheti cha chanjo kimechapishwa. Ijumaa tarehe 4 nimepata miadi ya watu wazima watatu, saa tatu asubuhi, famasi ile ile.

Kijana, mama ameshaambiwa kuna meli yenye bwawa la kuogelea juu ya paa. Hapo San Antonio haina nafasi.

Nesi, mtoto?

---

Kutoka: Nesi wa Baltimore
Jumamosi, 19 Februari 2022

Mtoto ndiye mgumu kuliko ninyi wote, ndiyo maana nilimweka pembeni. Angekuwa chini ya miaka miwili asingepimwa. Wa miaka minne asiye na chanjo, kampuni kadhaa zinataka PCR, na zinampa siku tatu badala ya mbili. Isome barua yenu sehemu ya watoto neno kwa neno, kwa sababu hapo ndipo kampuni zinapotofautiana, na nyingine humpima tena gatini kwa gharama yao au yenu.

Kama ni PCR ya siku tatu, siku ya kwanza inayokubalika ni Alhamisi tarehe 3. Mpeleke siku hiyohiyo asubuhi. PCR inapelekwa maabara, na foleni ikiwa ndefu jibu linaweza kuchukua siku mbili au zaidi. Ukichelewa hadi Ijumaa unacheza bahati nasibu. Piga simu vituo vitatu au vinne, usiulize "mna PCR?" bali "jibu la mtu wa Alhamisi iliyopita lilitoka lini?" Anayejibu kwa kujiamini ndiye wa kwenda kwake. Zipo maabara binafsi zinazotoa PCR saa chache tu, bei yake inauma, lakini tafuteni moja Houston na muweke namba yake kwenye simu, iwapo hadi Jumamosi asubuhi jibu la kwanza halijafika. Muulize pia kama wanapima watoto wadogo, famasi nyingi hukataa.

Jibu likija, angalieni lina mambo haya: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, aina ya kipimo, siku kilipochukuliwa na jina la kituo. Kinachotazamwa ni siku ya kuchukuliwa sampuli. Siku ya jibu kutoka haiwasaidii. Chapisheni, msitegemee simu peke yake, na bandari ya Galveston siku ya safari ina watu wengi kiasi kwamba intaneti inaweza kukugomea.

Jambo la mwisho, na ninyi wanne mliongee leo mkiwa na nafsi tulivu: mmoja wenu akitoka na korona Ijumaa, wenye kulala chumba kimoja naye kwa kawaida nao hawapandi. Kampuni nyingi hurudisha nauli au kutoa safari ya baadaye mkiwapelekea jibu la maabara, ila hoteli na tikiti nyingine ni juu yenu. Bima ya safari inunuliwe sasa. Ukiinunua baada ya jibu kutoka haikulipi. Na risiti ya kila kipimo itunzwe, wataiomba.