Kamera ya juu ya rimu inagoma katikati ya mechi

Swali: Wakuu, nimefunga kamera kwenye boriti juu ya rimu ya kikapu, naifyatua kwa PocketWizard (kifaa cha redio cha kufyatua kamera kwa mbali). Robo ya kwanza inapiga, baada ya mapumziko kimya. Betri imejaa.

Jibu 1: Imelala, mkuu. Zima kipima usingizi kwenye menyu, au tumia waya unaoiweka kamera macho muda wote.

Jibu 2: Waya huo ni kama kubonyeza kitufe cha kupigia picha nusu muda wote, kwa hiyo fokasi iwe ya mkono, la sivyo itaganda mahali pasipofaa. Lenga rimu, kisha gundisha pete ya lenzi kwa gafa (utepe wa kitambaa wenye gundi). Kasi ya shata iwe 1/1000 ya sekunde.

Jibu 3: Na usalama! Bodi ya kamera na lenzi kila kimoja kiwe na kebo yake ya chuma. Hudi (kikinga mwanga cha mbele ya lenzi) ivue kabisa. Chini kuna watu.