Eksirei ya mikono imetoka safi ila vidole vya mama bado vimevimba, inakuwaje?

Binti_Pongwe: Wakuu habari zenu. Mama yangu ana miaka 52, sasa ni kama miezi minne vidole vya mikono yote miwili vimemvimba, akiamka hawezi kukunja ngumi mpaka saa tatu hivi ndo vinalegea, juzi kashindwa kufungua chupa ya chai akaniita huku machozi yanamlenga. Hospitali moja wakapiga eksirei wakasema mifupa haina shida, akapewa dawa za maumivu tukarudi. Sasa daktari mwingine anahisi baridi yabisi, anataka altrasaundi ya vidole. Jamani altrasaundi si ya wajawazito? Au tunaliwa hela?

Probu_na_Jeli: Hamliwi dada. Eksirei inaona mfupa, na huu ugonjwa hauanzii kwenye mfupa, unaanzia kwenye ule utando laini ndani ya kiungo, unavimba unajaa maji, mfupa unakuja kuliwa baadaye. Kwa miezi minne eksirei kuwa safi ni kawaida tu. Altrasaundi inaonyesha huo utando, halafu ukiwasha dopla damu inaonekana inavyopita, penye moto wa ugonjwa panawaka madoa mekundu, tunapapatia alama, 0 hakuna kitu mpaka 3 moto mkali. Ila muangalie anayepima, probu, kile kishikio anachopitisha kwenye ngozi, iwe ile bapa ya viungo sio ya tumbo, na asikandamize! Nishawahi kuona kijana kabonyeza kidole cha mgonjwa madoa yote yakafa, anataka kuandika hakuna kitu, nikamwambia mwaga jeli legeza mkono, yakarudi yote.

MamaK: Pole mdogo wangu, mie naishi na huu ugonjwa. Waombe waangalie na miguu, mimi mfupa ulianza kulika kidole kidogo cha mguu wakati kila mtu anakodolea mikono. Na kama mama kala prednisoloni, ile dawa ya kutuliza uvimbe, karibuni aseme, mie nilienda nimetoka kuimeza dopla ikawa kimyaa.

Mgosi_Mbishi: Picha sawa ila msizigeuze ibada. Vipimo vya damu je? RF na anti-CCP za kutafuta kinga inayoshambulia mwili wenyewe, ESR na CRP za kuona kama kuna moto mwilini, mmefanya? Norway walifuatilia wagonjwa zaidi ya 200, matokeo yakatoka 2016, waliotibiwa kwa kufuata altrasaundi kila kliniki hawakuwazidi nafuu wale waliopapaswa viungo tu na daktari. Kwa hiyo pigeni moja ya kujua ugonjwa, hela nyingine ya dawa. MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, inaona mpaka maji ndani ya mfupa kabla haujalika, ila kwa bei yake mimi ningeiacha mpaka daktari akwame.

Binti_Pongwe: Damu hawakupima kabisa! Na prednisoloni alipewa ya siku tano, kamaliza jumapili. Tusogeze kipimo?

Probu_na_Jeli: Mpigie daktari leo umwambie hilo la prednisoloni, yeye ndo aamue tarehe. Damu ya anti-CCP mnaweza kutoa hata kesho, hiyo haisubiri dopla. Na siku ya kipimo mkono usiwe wa baridi, avae hata soksi mikononi mkiwa foleni, mtu akitoka kwenye kiyoyozi damu inajificha.

MamaK: Soksi mikononi 😂 ila kweli, mie nilishika kikombe cha chai.