Mrejesho: vidukari kwenye sukuma wiki za viroba

Habari zenu wakuu. Nilileta hapa shida ya vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, waliojaa chini ya majani ya sukuma wiki zangu nilizopanda kwenye viroba. Asanteni sana mliojibu.

Nilifuata ushauri wa mwarobaini: nikatwanga majani, nikaloweka usiku kucha, nikachuja, nikatia sabuni ya maji kidogo, nikapuliza jioni jua likishapoa, hasa upande wa chini wa jani. Wamepungua mno, majani mapya yanatoka yamenyooka. Harufu yake lakini, jamani!

Majivu hayakunisaidia, mvua moja tu yakaondoka. Miche ya ukutani nimeing'oa, ilishadumaa.

Uliyesema nianze kwa kuwaondoa sisimizi, ubarikiwe: kweli walikuwa wanawalinda wale vidukari wapate yale majimaji matamu wanayotoa. Bado napuliza kila wiki.