Mahame ya bonde la Rufiji: rekodi za utawala naanzia wapi kuzitafuta?

mkongoni_juu:
Wakuu, naomba mwongozo. Kuna mahame ukingo wa kaskazini wa Mto Rufiji, kati ya Mkongo na Ikwiriri. Watu wake walihamishiwa mwinuko kwenye Operesheni Rufiji, baada ya mafuriko ya 1968. Nataka mfululizo wake wa utawala: kilikuwa chini ya jumbe (mkuu wa kijiji) yupi, akida (ofisa wa juu ya majumbe) yupi, tarafa ipi, mpaka kilipokoma. Kijiji walikohamia kina hati ya usajili, lakini jina la zamani halimo. Hati ya kile cha zamani iko wapi? Halafu ramani mbili zinaliandika jina kwa namna mbili.

karani_mstaafu:
Hati hiyo haipo na haijapata kuwapo, kwa hiyo usipoteze nauli kuitafuta. Kijiji kama chombo chenye usajili, mkutano mkuu na halmashauri ya watu 25 kimeletwa na Sheria Na. 21 ya 1975, iliyotaka kaya zisizopungua 250. Mahame yako yalikuwa yameshakuwa pori wakati huo. Namba unayoiona kwenye hati ya huko juu, yenye herufi za mkoa, kisha KIJ, kisha tarakimu, ni ya kijiji kipya peke yake.

Cha zamani kitafute kwa vyeo vya enzi yake. Wajerumani waliweka akida juu ya majumbe, na boma la eneo hilo lilikuwa Mohoro. Baadaye makao yalihamia Utete. Sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926 ilijengwa juu ya machifu, lakini pwani maliwali (watawala wa juu ya maakida) na maakida waliendelea, ndiyo maana ukitafuta "chifu" hapo utatoka kapa. Utemi na ujumbe ulifutwa 1963. Kuanzia 1964 ngazi ya chini kabisa ni balozi wa nyumba kumi wa TANU, na juu yake watendaji wa halmashauri ya wilaya. Halmashauri zenyewe zilifutwa 1972 kwa Madaraka Mikoani, sera ya kupeleka utawala mikoani, zikarudi 1984, hivyo usitegemee mafaili ya pande hizo mbili kukaa kabati moja.

Na wilaya ya Rufiji nayo imegawanyika: Kibiti sasa inajitegemea. Thibitisha kwanza mahame yako leo yanaangukia wapi kabla ya kuandika barua ya maombi.

pima_ardhi:
Kuhusu majina mawili: shika mahali, usishike jina. Kwenye ramani za Kijerumani za 1:300,000 makazi mengi yameandikwa kwa jina la jumbe, "kwa fulani". Jumbe akifa au akihama, ramani inayofuata ina jina jingine na watu ni walewale. Tahajia nayo inapotosha: *dj* au *dsch* ni j, *tsch* ni ch, *ss* ni s, *j* mara nyingi ni y. Kilwa Kivinje unaikuta Kilwa-Kiwindje, Songea ni Ssongea. Andika namna zote unazoweza kufikiria kabla ya kufungua faharasa.

Kisha tafuta karatasi ya 1:50,000 ya mfululizo wa Y742 kwa watu wa Upimaji na Ramani. Omba toleo la zamani kuliko yote, na usome tarehe ya picha za anga pembezoni, maana tarehe ya kuchapwa inaweza kuwa miaka kadhaa baadaye. Picha za kabla ya 1968 ndizo unazozitaka.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: karatasi hizo ziko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali, simu yako iko kwenye WGS84, mfumo wa GPS. Ukiingiza namba za gridi bila kubadilisha, utasimama karibu mita 300 nje ya mahali, hasa kwa kaskazini-kusini. Kwenye programu ya ramani chagua namba ya mfumo EPSG 21037 (Arc 1960, gridi ya UTM kanda ya 37 Kusini), ndipo ubadilishe. Na Rufiji hubadili mkondo, kwa hiyo "ukingo wa kaskazini" wa wazee usiulinganishe na mto wa picha ya setilaiti ya leo. Tafuta miembe mikubwa iliyosimama pamoja na makaburi, hivyo havihami.

chumba_cha_nyaraka:
Nyaraka za Taifa, Upanga, nenda na barua ya utambulisho. Anza na kitabu cha wilaya cha Rufiji. Hivi ni vitabu vilivyojazwa na maofisa wa wilaya wa Kiingereza kwa zamu: mipaka, orodha za viongozi, kodi, historia za mitaa. Kila ofisa aliongeza chake, kwa hiyo angalia tarehe ya kila ukurasa. Mafaili ya Kijerumani yana herufi G, na yale ya mkono yameandikwa kwa Kurrent, mwandiko wa zamani wa Kijerumani. Tafuta msomaji kabla hujalipia nakala. Sheria ya 2002 inafungua rekodi baada ya miaka 30, hivyo mafaili ya operesheni yenyewe umri umeshafika.

Rejesta za ubatizo zinazowafaa watu wa Bukoba hazitakusaidia Rufiji, wengi ni Waislamu. Badala yake tafuta vitabu vya kesi vya mahakama za maliwali na maakida. Mirathi, talaka na ugomvi wa mashamba hutaja mtu, makazi na jumbe wake kwenye mstari mmoja. Kwa idadi ya watu, sensa ya Agosti 1967 ndiyo ya mwisho kabla ya maji. Ya 1978 inahesabu vijiji vipya.

mkongoni_juu:
Nashukuru sana. Kuna wanaotaka kutumia historia hii kudai mashamba ya bondeni. Inasaidia?

karani_mstaafu:
Polepole hapo. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kinathibitisha ugawaji wa kati ya 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977. Operesheni Rufiji ilianza kabla ya dirisha hilo, kwa hiyo tarehe ya kila ugawaji ndiyo ya kuthibitisha kwanza. Sheria ya 1992 iliyojaribu kufuta haki za kimila za kabla ya vijiji iligonga mwamba Mahakama ya Rufani 1994, kwenye shauri la Akonaay, iliposema haki hizo ni mali inayolindwa na Katiba.

Bondeni watu wengi hawakuacha kulima. Walishuka msimu wa mpunga na kulala kwenye madungu kulinda mazao dhidi ya nguruwe. Andika nani alilima wapi na mwaka gani, na umpelekee mwanasheria pamoja na ramani iliyosahihishwa.

pima_ardhi:
Na kila nukta uliyopima iandikie mfumo wake pembeni, Arc 1960 au WGS84. Namba tupu hazina kazi.