Namba 384 inarudi katika kila andiko: nifundisheje sampuli ya makundi?

Mhadhiri Msaidizi
Shikamooni walimu wangu, na habari za kazi kwa wenzangu. Ninafundisha mbinu za utafiti wa dodoso kwa wanafunzi wa shahada ya uzamili ya afya ya jamii, wengi wao wauguzi na maofisa afya waliotoka wilayani. Kila ninaposahihisha maandiko yao ya utafiti ninakuta sampuli ya kaya 384, hata pale mwanafunzi anapokusudia kuchagua vijiji kwanza na kaya baadaye. Kanuni inayotoa 384 wanaijua: kiwango kinachokadiriwa cha asilimia 50, kosa la asilimia 5, uhakika wa asilimia 95, kaya zikichaguliwa moja moja kwa bahati nasibu. Wasichokiona ni kwamba kaya za kijiji kimoja hufanana, na kwa hiyo kaya ya ishirini ya kijiji kilekile haituongezei taarifa sawa na kaya ya kwanza ya kijiji kipya. Nimeeleza ubaoni mihula miwili. Wanaitikia, kisha 384 inarudi. Mnafanyaje?

Mtakwimu
Marahaba, mwalimu. Mimi hukata kadi 600 na kuzigawa katika bahasha 30. Bahasha ni kijiji, kadi ni kaya, na nyuma ya kadi nimeandika kama kaya ina chandarua. Kwa makusudi, vijiji vingine karibu kila kaya inacho na vingine karibu hakuna. Kundi moja la wanafunzi huchanganya kadi zote na kuchota 60. Kundi la pili huchagua bahasha 3 tu na kuhesabu kadi zote 20 za kila moja. Wakirudia mara kumi, majibu ya kundi la kwanza hukaribiana, ya kundi la pili hutawanyika vibaya, na wote wamechukua kaya 60.

Hapo ndipo ninapoleta hesabu. Ikiwa mfanano ndani ya kijiji (0 ni hakuna, 1 ni kaya zote sawa) ni 0.05 na tunahoji kaya 20 kwa kijiji, kizidishi, yaani namba ya kuzidishia sampuli ili kufidia mfanano huo, ni 1 + (19 × 0.05), yaani 1.95, na 384 inakuwa 749 katika vijiji 38. Wakihoji kaya 10 kwa kijiji, kizidishi ni 1.45 na kaya 557 zinatosha, ila vijiji vinafika 56. Waache wabishane kuhusu mafuta ya gari na posho za wadadisi, maana uamuzi halisi wa sampuli hufanyika hapo.

Msimamizi wa wadadisi
Naomba msisahau kaya yenyewe. Kabla ya kadi, waulizeni wanafunzi kama kijana anayelala chumba cha kupanga lakini anakula kwa mama yake ni wa kaya ipi. Nimeona timu mbili zikijibu tofauti katika kata moja, na hakuna kizidishi kinachorekebisha kosa hilo.

Mhadhiri Msaidizi
Nawashukuru sana. Hiyo 0.05 mwanafunzi aitoe wapi?

Mtakwimu
Aifuate kwenye tafiti zilizokwisha fanyika. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria Tanzania wa mwaka 2022 ulichagua maeneo 629 na kaya 26 katika kila eneo, na ripoti za aina hiyo huwa na kiambatisho cha makosa ya sampuli. Humo kila kiashiria kina kipeuo cha pili cha kizidishi chake. Akizidishe kwa chenyewe, atoe 1, kisha agawanye kwa wastani wa wahojiwa wa kiashiria hicho kwa eneo ukipunguzwa 1. Asichukue namba moja kwa viashiria vyote: chanzo cha maji hufanana mno ndani ya kijiji, jinsia ya mtoto haifanani.